Rupia Yenye Kwato Shingoni mwa Elieth

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu. Mchungaji Yona, uliyetufungulia kwa sala ndefu ilhali tuna njaa. Mwenyekiti wa kitongoji. Mzee Kisyeri, kiongozi wa msafara wa wakwe zetu kutoka Issenye, ambaye asubuhi ya leo nilipata heshima ya kukushikia fimbo uliposhuka kwenye koasta. Mwanao Amos, bwana harusi mtarajiwa. Shemeji yangu Steven, mwenye mji huu. Dada yangu Petronila, mama wa binti. Mama yangu mzazi, Bibi Waisiko, uliyejifunika shuka pale kwenye turubai la kwanza. Ndugu wageni waalikwa, majirani wa Nyarero, mliotoka Nkende kwa bodaboda, na hata ninyi ambao kadi haikuwafikia lakini harufu ya nyama imewafikia: wazee wangu shikamooni. Wenzangu, habari za saa hizi. Vijana, sijawasikia.

Nimepewa nafasi hii kama mjomba. Kwa wasionijua, ingawa sidhani kama wapo, mimi ni Selestine, ndugu wa tumbo moja na Petronila. Shule niliishia darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nililimaliza kwa sababu kila mwalimu mkuu alipotaka kunifukuza alikumbuka kwamba ni mimi peke yangu niliyeweza kupanda juu ya tangi kufungua maji. Lakini dunia nimeisoma kwa miguu. Mto Mara ulipofurika mpaka daraja likapotea, mimi nilivuka nikiwa na baiskeli begani na ndama kwapani, na kati yetu wote aliyeogopa ni ndama. Mchungaji Yona anatabasamu, lakini alikuwepo ng'ambo, na ndiye aliyenipokea baiskeli.

Siku nyingine ningewasimulia habari ya mto ule mpaka jua lizame. Leo hapana. Leo hadithi nimeikatiza, na wanaonijua wanafahamu kuwa mimi sikatizi hadithi bure.

Tuseme ukweli, wenyeji na wageni. Masufuria yamefunikwa tangu mchana. Birika la maji ya kunawa lilipita upande wa Nyarero, watu wakanawa. Likapita upande wa Issenye, mikono ikabaki magotini. Koasta ya wakwe zetu imekwishageuzwa, pua inatazama barabara, na dereva hajazima injini, mnaisikia. Kuna mtu hapa haelewi maana yake? Mheshimiwa Diwani, wewe ni mtu wa vikao, unaelewa. Wakwe zetu wamekuja kumchukua binti, na wamejiandaa kuondoka bila yeye.

Na sababu ni kitu kisichozidi kifuniko cha soda.

Elieth, simama mama, watu wakuone. Usilie, utaharibu walichokupaka. Ndugu wageni, tazameni shingoni mwake. Ile ni rupia ya fedha ya wakati wa Mjerumani. Upande mmoja yupo mfalme wao, kavaa kofia ya vita ambayo juu yake ametua ndege, na maandishi yamemzunguka kwa lugha iliyomshinda hata katekista. Upande wa pili yupo simba, amesimama mbele ya mti. Na mbele ya uso wa mfalme, pale palipokuwa wazi, mtu alichukua nyundo akagonga alama nyingine: vipande viwili vidogo vilivyoinamiana, kama kwato ya ng'ombe iliyokanyaga tope. Sisi nyumbani tunaiita kwato. Bibi Waisiko alipewa na mama yake siku alipotoka kwao kuolewa. Yeye akampa Petronila siku kama hii. Petronila amempa Elieth. Kwetu mwanamke haondoki mikono mitupu, anaondoka na kwato.

Mwezi uliopita wakwe zetu walikuja kupanga siku. Elieth akaingia na chai, akainama kumhudumia baba mkwe wake, rupia ikaning'inia mbele ya macho ya mzee. Mzee Kisyeri akauliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, hiki ni nini?" Elieth akasema, "Ni rupia ya bibi." Mzee akaivuta karibu, akaigeuza, akaiachia kama aliyeshika sufuria ya moto. Akauliza, "Nani aliichoma mara ya pili?"

Sisi wenyeji hatukulielewa swali. Chai ikanywewa nusu, wageni wakaaga.

Sasa kwa wageni wetu mliotoka mikoa mingine kufuata dhahabu, ambao ng'ombe mnamfahamu kwenye sahani tu, niwaeleze. Huku kwetu ng'ombe anachomwa alama ya mwenyewe ubavuni. Mwizi akimpata, anapasha chuma moto na kuchoma alama yake juu ya ile ya kwanza, ili ya kwanza isisomeke. Kwa hiyo mzee wa Tarime au wa Serengeti akiona alama juu ya alama, haulizi maswali mengi. Anajua yule ng'ombe ametoka kwenye zizi la mtu bila ruhusa. Mzee Kisyeri aliona rupia ina mfalme, halafu ina kwato iliyogongwa baadaye. Akaisoma kama anavyosoma ng'ombe. Akaona mali ya wizi kwenye shingo ya mkwe wake.

Yakaja maneno kwa simu. Sikuyapokea mimi, aliyapokea shemeji Steven, akayarudia mbele yetu huku anatazama chini: binti aivue hiyo sarafu, au binti abaki kwenu, zizi la Issenye halijapokea kitu cha wizi tangu lijengwe.

Nikamwita Elieth. Nikamwambia, "Ivue tu mama, iweke kwenye sanduku, siku ikipita utaivaa." Akaniambia, "Mjomba, nikiivua nimekubali kwamba bibi alinyonyeshwa kwa mali ya wizi. Siivui." Nikasema, "Na Amos?" Akasema, "Amos aje aniambie mwenyewe."

Amos akaja. Alitoka Issenye kwa pikipiki huku mvua inamtandika, akafika matope yamempanda mpaka kwenye nyusi. Akasema, "Elieth, mimi nakupenda hivyo hivyo na hirizi yako." Elieth akamwambia, "Si hirizi." Wakagombana hapo hapo, hata taulo kijana hajapewa. Petronila ndiye aliyewaamua, kwa kumwambia Amos, "Mura, kijana wangu, kaa kimya unywe uji." Akanywa. Na alipomaliza uji akasema neno lililotufikisha leo. Akasema, "Baba amekubali kuja. Atakaa, atamsikiliza mjomba. Mjomba akimweleza akaelewa, atanawa mikono. Asipoelewa, atawaaga vizuri na kuondoka."

Kwa hiyo ndugu zangu, msidhani hii ni hotuba ya kumuaga binti. Hii ni kesi, na mshtakiwa ni bibi yangu aliyekufa kabla sijazaliwa, na wakili wake ni mimi wa darasa la saba.

Mzee Kisyeri, kwanza nikusifu, na nakusifu kwa haki. Kuna mtu katika wilaya zetu mbili anayesoma alama za ng'ombe kukushinda? Polisi wakikamata mifugo wasiyoijua mwenyewe, wanamwita nani? Mimi nilikuwepo mnadani siku walipoletwa ng'ombe wenye alama nzuri, iliyonyooka, kila mtu akasema hawa ni halali. Wewe hukusema. Ulilowesha kiganja kwa maji, ukalaza manyoya ya yule dume mwekundu, ukafumba macho, ukapitisha kidole taratibu, ukasema, "Chini ya hii kuna nyingine." Na muuzaji akaruka ua wa mnada akaacha viatu. Viatu vile nilivichukua mimi. Nilivivaa mpaka soli ikaisha. Kwa hiyo mzee, sisimami hapa kukwambia hujui. Nasimama hapa kwa sababu unajua.

Lakini niliona siwezi kuja mbele ya mtu kama wewe na maneno matupu ya nyumbani. Niliiazima rupia kwa Elieth, nikaifunga kwenye leso, leso nikaiweka ndani ya soksi, nikaanza safari.

Kwanza nilikwenda machimboni, kwa mnunuzi mmoja wa dhahabu. Nilifikiri mtu anayeshika madini kutwa nzima atajua. Ndugu zangu, pale nusura tuipoteze. Kijana wake akaipokea, akaiweka kwenye mizani, akaipitishia sumaku, sumaku haikuikamata, akasema, "Fedha kweli, lakini imetobolewa na imegongwa, imeharibika. Tuiyeyushe nikulipe kwa uzito." Na kabla sijafunga mdomo alikuwa ameshaitupia kwenye chungu na mkono uko kwenye kiberiti cha gesi. Nikamwambia, "Dogo, ukiuwasha huo moto nitakuzima wewe kwanza." Wachimbaji wote wakasimama. Walikuwa wengi, na miongoni mwao mmoja mwenye shingo kama gogo. Nikamtazama yule wa shingo, akakaa. Nikachukua rupia yangu nikatoka, na huko nje nikajiuliza: ningekuja kumwambia nini mama yangu? Kwamba kwato imekuwa uji?

Basi huyo kijana nimemsamehe. Kwake yeye chuma ni uzito tu. Huko machimboni ndivyo walivyozoea.

Nikashika njia ya Sirari, nikavuka mpaka. Isebania yupo mzee mmoja anayenunua vitu vya kale, ana kibanda nyuma ya duka la mbegu. Kwenye meza yake kuna sarafu za kila ufalme uliowahi kutukalia. Nikafungua soksi. Mzee yule akaniangalia, akasema, "Hiyo soksi ndiyo umetoka nayo Tarime? Wacha kwanza nifungue dirisha." Nikamwambia, "Mzee, fungua na la pili, lakini niambie kama hii ni mali ya wizi."

Akaitia chini ya kioo cha kukuzia. Aliichunguza mpaka nikaanza kuhesabiana macho na paka wake. Halafu akaniita nitazame mwenyewe. Na aliyonionyesha nitawaonyesha ninyi kwa maneno, maana kioo alikataa kuniazima.

Akasema kwanza, geuza. Tazama tumbo la simba. Na kweli, nyuma ya mahali penye kwato, tumbo la simba limelazwa, limekuwa bapa. Akasema, hiyo ni kwa sababu mtu aliilaza juu ya chuma akaipiga nyundo kwa upande wa mfalme. Pigo likipita juu, chini pia panaumia. Wanaoghushi humimina fedha iliyoyeyuka kwenye umbo, alama na mfalme vikatoka pamoja, kwa hiyo nyuma simba anakuwa mzima, ameshiba. Ukiona alama mbele na simba mzima nyuma, hiyo irudishe kwa aliyekuletea.

Akasema tena, pitisha ukucha kwenye ukingo wa kwato. Fedha imejikusanya pembeni kama udongo pembeni ya mtaro. Lakini haichomi ukucha, imelainika. Mikono ya watu imepita hapo miaka mingi. Alama ya juzi ingekukwaruza. Na uchafu mweusi uliomo ndani ya kwato ni wa zamani kama uchafu uliomo ndani ya sikio la mfalme, vimezeeka pamoja. Akanionya kwa kidole, "Na msije mkaisugua." Petronila, unanisikia? Juzi nimemkuta dada yangu ana limau na jivu, anataka mwanawe ang'ae siku ya leo. Nilimnyang'anya limau nikalila palepale. Ukisugua unaondoa ushahidi wote, inabaki bati jipya lenye tundu.

Nikamuuliza thamani. Mzee Kisyeri, wewe ni mtu wa mnada, nitakwambia alivyonieleza kwa lugha ya mnada. Rupia safi isiyo na kovu ina bei yake, kila mnunuzi anaijua. Ikitobolewa tundu la uzi, bei inashuka. Ikigongwa alama isiyojulikana ni ya nani, inashuka tena, kwa maana mnunuzi anaona ni mtoto alichezea nyundo. Lakini ikijulikana kwamba alama ile ilikuwa ya mtu fulani, mfanyabiashara, mwenye shamba, mwenye meli, aliyeigonga kwa kazi yake, basi inaruka juu kuliko ile safi, kwa sababu safi zipo nyingi na hii ina habari. Nikauliza, "Sasa mtu atajuaje?" Akaniambia, "Moja peke yake siwezi kuapa. Inaweza kuwa ajali. Mzee wangu, nitafutie ya pili yenye mguu kama huu, uliotoka kwenye chuma kile kile. Ukiipata, hiyo si kovu tena, ni muhuri. Hapo njoo tuongee, na uje na gari la kubebea mtamba, ndiyo bei yake." Nikacheka. Ya pili ningeipata wapi? Nchi hii pana, na ng'ombe wote wana kwato.

Nilirudi nyumbani nimekata tamaa nusu. Nikakaa na mama yangu, nikamwomba anisimulie upya, na safari hii sikumkatiza. Bibi Waisiko huyu hapa, na nikipotosha atarusha kandambili. Anasema babu yake alikuwa mtu wa kubeba ngozi. Ng'ambo kule Shirati, ziwani, kulikuwa na mnunuzi wa ngozi za ng'ombe. Watu walizibeba kichwani kutoka huku, na njiani waliungana na wenzao waliotoka mbali zaidi, upande wa mbugani, wakatembea kundi moja kwa sababu ya simba. Mnunuzi yule alipowalipa aliigonga kila rupia kwato moja mbele yao, ili wakirudi nayo dukani kwake kuchukua nguo au chumvi, aitambue kuwa ni ya wabebaji wake na asiwapunje bei. Babu yake nyingine zote alizirudisha akachukua chumvi. Moja akakataa kuirudisha. Akampa binti yake.

Mimi kisa hicho nilikuwa nakisikia tangu utotoni, na nasema ukweli, nilidhani mama anatia chumvi. Na chumvi mimi naifahamu.

Haya. Turudi kwenye zizi, Mzee Kisyeri, maana hapo ndipo unaponiamini. Nakuuliza mbele ya watu, na jibu lako nitalipokea. Mwizi anachoma wapi? Si anachoma juu ya alama ya kwanza, aifute? Na mtu aliyemnunua ng'ombe kwa halali, mbele ya mashahidi, anachoma wapi? Si anachoma pembeni, ya kwanza ibaki inasomeka, ili kesho akiulizwa aonyeshe ametoka wapi? Wewe mwenyewe ulituambia hivyo siku ya yule dume mwekundu. Sasa tazama rupia. Aliyeigonga alikuwa na nafasi yote. Angeweza kumponda mfalme usoni. Angeweza kuponda maandishi. Hakugusa jina, hakugusa pua, hakugusa hata ndege aliye juu ya kofia. Aligonga mahali patupu. Hiyo ni alama ya mwizi, au ya mtu anayesema hii imepita mkononi mwangu? Ninyi mnaovuka Sirari kwenda sokoni na hati zenu za kusafiria, zikagongwa upande wa huku na zikagongwa upande wa kule, kuna mtu alikuja kukamatwa kwa sababu hati yake ina mihuri miwili?

Naona mkono wa Mzee bado uko juu ya fimbo. Amos anamtazama baba yake, na Elieth anamtazama Amos. Na injini ile bado inanguruma.

Sawa. Maneno hayajatosha, nami nilijua yangeweza yasitoshe. Maneno ni yangu, na watu wanajua maneno yangu. Imebaki jambo moja, nalo nimekaa nalo tangu asubuhi kama mtu aliyemeza kaa la moto, kwa sababu nikikosea nitakuwa nimemwaibisha mkwe mbele ya halaiki, na hapo hata Mchungaji hataweza kutusuluhisha. Mzee Kisyeri, nisamehe kabla sijalisema.

Elieth, nenda kwa baba mkwe wako. Usiivue. Piga magoti, uiname, imfikie. Mzee, naomba usitumie jicho. Fumba macho kama siku ile mnadani, weka kidole gumba juu ya kwato. Pitisha taratibu. Vipande viwili, si ndiyo? Cha kushoto kina pengo dogo upande wa nyuma, kama ukwato uliomegwa na jiwe. Umelipata pengo? Vizuri. Sasa mkono huo huo urudishe pale ulipokuwa umekaa tangu ulipofika.

Ndugu wageni, ambao hamuoni kutoka huko nyuma: mkono wa Mzee ulikuwa juu ya kichwa cha fimbo yake. Na juu ya kichwa cha fimbo ile kuna kisahani cheusi cha chuma, kimepigiliwa msumari katikati. Fimbo hii Mzee ameirithi kwa marehemu kaka yake, aliyeirithi kwa baba yao, naye aliitoa kwa baba yake. Kimejaa mafuta ya mikono na ugoro wa wazee wote hao, kimekuwa kama kitako cha chungu. Nani anatazama kichwa cha fimbo yake? Mtu anakishika tu. Lakini asubuhi, Mzee, uliposhuka kwenye koasta ulinikabidhi fimbo ili ushike mlango. Na kidole hiki mnachokiona kimechezea kwato ya mama yangu tangu nikiwa mgongoni kwake. Kilipotua pale kilisimama. Mwili mzima ukasimama. Nikakurudishia fimbo, nikakwambia karibu sana mzee, nikaenda nyuma ya nyumba kukaa chini.

Sikukuambia. Nilijiuliza, je, nimejidanganya? Kidole kinaweza kutamani kitu mpaka kikakisikia. Ndiyo maana nimekuomba wewe, si mimi. Kidole chako hakitamani ushindi wangu.

Mzee anakwangua kwa ukucha. Tumsubiri. Mwenyekiti, naomba watu wa turubai la pili wakae, mnamzibia mwanga. Petronila, hapana, usilete limau.

Ametema mate kwenye kitambaa. Anafuta.

Kwa wale ambao hamkumsikia kwa sababu ya injini, Mzee Kisyeri amesema hivi: "Ni mguu wa ng'ombe mmoja." Na ameongeza, "Hata pengo lipo."

Mama, umesikia? Umesikia vizuri? Basi wale wenzao wa mbugani waliotembea na babu yako kwa kuogopa simba, mmoja wao alikataa kuirudisha ya kwake dukani vile vile. Akaipigilia kwenye fimbo, akaenda nayo Issenye.

Mzee, sitakuuliza tena kama ni ya wizi. Ukisema ya kwetu imeibwa, utalazimika kuing'oa na ya kwako, na fimbo hiyo bila kichwa haitakufikisha nyumbani. Ukisema ya kwako ni jasho la babu yako, basi na yule aliyebeba ngozi pembeni yake alitoka jasho lile lile. Mimi hapo sina hotuba. Naona umeishika rupia ya Elieth kwa mkono mmoja na fimbo kwa mwingine, na hujaiachia safari hii.

Kijana Amos, futa uso. Na kuanzia leo usiite hirizi.

Namaliza sasa. Mheshimiwa Diwani, ahsante kwa kutotazama saa. Mchungaji Yona, ahsante kwa baiskeli ya siku ile. Mama yangu Waisiko, nilidhani unatia chumvi, nawe umeniacha nimesimama mbele ya watu na ukweli mtupu, kitu ambacho sijakizoea. Mzee wa Isebania akinipigia simu nitamwambia ya pili imepatikana, na kwamba bei imepanda mpaka haitajiki, kwa kuwa zote mbili zinakwenda kulala kwenye nyumba moja na hakuna hata moja inayouzwa. Nawashukuru nyote kwa masikio yenu, hasa upande wa Issenye, mlionisikiliza mkiwa na njaa na hasira kwa pamoja.

Mzee Kisyeri ameniashiria kwa mkono. Amekunja mikono ya shati.

Petronila, maji yaanzie kwa mzee. Na wewe dereva wa koasta, mura, zima gari uje unawe.